Wiki Tuliyozima Injini ya Mvuke

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Siku chache baadaye reli yetu ya kitalii ikafungwa, msimu haujaanza. Fedha za tiketi za likizo zilikwisha kununua makaa ya mawe. Sasa wenye tiketi walizitaka fedha zao, na sisi tulikuwa na lundo la makaa.

Wengi hudhani kufunga ni kuacha moto ufe na kutia kufuli bandani. Sivyo. Injini ya mvuke huliwa zaidi ikisimama kuliko ikikimbia.

Tuliacha boila, tangi la chuma la kuchemshia maji, ipoe yenyewe usiku kucha. Ukiiharakisha kwa maji baridi, vyuma husinyaa kwa kasi tofauti na mabomba hulegea pale yaliposhikizwa kwenye ukuta wa tanuri. Asubuhi, ingali vuguvugu, tukafungua vizibo vya chini, tope la kijivu likamwagika, tukaosha kwa mpira wa maji hadi yakatoka meupe. Hapo kuna njia mbili: kuijaza boila mpaka juu kabisa kwa maji yenye dawa ya kuondoa oksijeni, au kuikausha kabisa. Nusu maji nusu hewa ndiyo hatari, maana kutu hushambulia palepale maji yanapoishia. Maji yenye dawa yanataka mtu wa kuyapima mara kwa mara, na hakuna aliyejua nani angeruhusiwa kutoka nyumbani wiki ijayo. Tukachagua ukavu. Tukaingiza trei za chokaa isiyozimwa ili inyonye unyevu, kila trei nusu tu, kwa sababu chokaa hiyo ikinyonya huvimba.

Shida kubwa ilikuwa watu. Reli za namna hii hutegemea sana watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, na ugonjwa ule uliwaelemea wazee kuliko vijana. Fundi wetu wa boila, mzee wa miaka mingi kazini, alitupa maelekezo kwa simu. Kila mwezi wawili wetu waliisogeza injini kwa mtaimbo, robo mzunguko wa gurudumu, ili uzito usikamue mafuta kwenye beringi mahali pamoja.

Tulilosahau ni majivu ya chumba cha moshi, kile cha mbele ya boila chini ya bomba la moshi. Hakuna aliyeyataja kwenye simu, wala bomba la moshi hatukulifunika, na paa la banda lilivuja. Masizi ya makaa yana salfa. Yakilowa hutoa asidi. Tulipofungua mlango Julai, majivu yalikuwa yameganda kama saruji. Tukayabandua kwa patasi, na chini yake chuma kikatoka magamba kama gome la mti. Nyundo ilipogonga penye afya ililia kama kengele. Penye ugonjwa ilitoa sauti butu. Bamba lile lilibadilishwa kabla abiria yeyote hajapanda.

Treni ya kwanza ilikwenda na nusu ya viti, kila familia na chumba chake. Dereva na mchochea makaa hawakuweza kuachana mita 2 kwenye kibanda chao, kwa hiyo tuliwapanga wawili walewale, siku zote. Makaa yaliyoungua yalikaribia kabisa yale ya treni iliyojaa. Ilibidi tupunguze safari.