Jinsi nilivyofanya kitunguu cha Scadoxus kichanue tena

Kwa miaka 3 kitunguu changu cha Scadoxus multiflorus, ambacho porini huchanua ua jekundu la mviringo mvua zinapoanza, kilitoa majani tu. Niliongeza samadi, nikakihamishia chungu kikubwa, kikaanza kuoza.

Nilikata sehemu iliyooza, nikakikausha kivulini, nikakipanda kwenye udongo wenye mchanga mwingi, shingo ikiwa juu. Lakini siri hasa ilikuwa maji: majani yaliponyauka niliacha kabisa kumwagilia hadi masika, na Aprili ua likatangulia majani.

Kazi yote niliifanya nikiwa nimevaa glavu, kwa kuwa kitunguu hiki, ingawa hutumika katika tiba ya asili, kina alkaloidi (kemikali za asili za mimea) zenye sumu zilizowahi kupakwa hata kwenye mishale. Chungu nimekiweka mbali na watoto na mbuzi.