Jumamosi ya mbao mbichi

Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara Mufindi na Njombe, kusini mwa Tanzania, bado zina maji ndani. Msonobari, au paini kama wengi wanavyouita, uwe wa shamba la serikali la Sao Hill au wa shamba la mtu binafsi, huangushwa, hupasuliwa, na siku chache baadaye mbao zake zinasubiri lori. Ukiishika mbao ya namna hiyo utaona ni nzito na baridi kiganjani. Gonga msumari na unyevu unachuruzika kando ya kichwa chake. Bei yake ni nafuu, na hakuna ubaya kuinunua, mradi ujue unachonunua. Mlango unaokwama masika, jembe linalocheza kwenye mpini, kigoda kinachoyumba: chunguza vizuri na mara nyingi utakuta chanzo ni maji yaliyoingia au kutoka kwenye mti. Kwa hiyo kazi za Jumamosi nyumbani nazipanga kwa kufuata maji hayo.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, anza na rundo la mbao. Mbao zilizolazwa chini zikigusana hazikauki, zinaota ukungu. Panga matofali mpaka tabaka la kwanza likae sentimita 30 au 40 juu ya ardhi, na kila tabaka litenganishwe na vipapi, yaani vijiti vya mbao, vya unene wa inchi 1, kila baada ya sentimita 60. Vipapi vya tabaka la juu vikae sawasawa juu ya vile vya chini. Kikihama hata kiganja kimoja, mbao inapinda pale pale kilipohama, na ikikaukia hapo hainyooki tena. Paka ncha za mbao rangi yoyote iliyobaki kwenye kopo, kwa sababu maji hutoka kwa kasi sana nchani kuliko ubavuni na ndiyo maana ncha hupasuka. Juu weka bati na mawe. Pembeni acha wazi, upepo upite. Ukifunika rundo lote kwa turubai umelipika.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba, mbao ya inchi 1 huhitaji wiki 6 hadi 10. Ukitaka uhakika, kata kipande cha sentimita 30 kutoka katikati ya mbao moja (si nchani), kiweke ndani ya rundo na ukipime dukani kila wiki kwenye mizani ya sukari. Kikiacha kupungua uzito, rundo liko tayari. Madoa ya bluu yanayotokea ni ukungu wa rangi tu, mbao haijapoteza nguvu. Ila kwenye meza ya sebuleni utayajutia.

Kisha noa. Kwa msumeno wa mkono tumia tupa ya pembe tatu, mapigo mawili au matatu kwa kila jino, idadi ileile mpaka mwisho, la sivyo msumeno utakula upande mmoja. Halafu tazama meno kutokea nchani: moja liende kushoto, linalofuata kulia. Kwenye mbao mbichi upinde huo unatakiwa uwe mkubwa kidogo, maana nyuzi zenye maji huvimba na kuubana msumeno katikati ya mkato. Sugua mshumaa pande zote mbili. Watu hutoa jasho bure kwa kukosa kipande cha mshumaa.

Kazi kubwa ya siku ni mlango wa banda la mbuzi. Tuchukue tundu la mlango lenye upana wa sentimita 77 na kimo cha 170. Mbao tano za inchi 1 kwa 6, zikiwa na sentimita 15 kila moja, zinatoa mlango wa sentimita 75, na unabaki na sentimita 1 ya kupumulia kila upande. Kata kimo sentimita 166, uache 3 chini na 1 juu. Chini usibane: mavi, maji na mchwa vyote huanzia hapo. Mbao moja ya futi 12 inatoa vipande viwili, kwa hiyo nunua tatu. Ongeza moja ya 1 kwa 4 kwa ajili ya mbao mbili za kulala, zile zinazokatisha nyuma ya mlango, sentimita 70 kila moja, na moja ya mshazari yenye kama sentimita 136. Robo kilo ya misumari ya inchi 2½ inatosha na mingine inabaki.

Kabla ya kugonga, tazama ncha ya kila mbao. Utaona pete za mti zimejikunja kama upinde. Mbao inapokauka pete hizo hujaribu kunyooka, kwa hiyo uso uliokuwa upande wa gome hubonyea na uso wa upande wa kiini hutuna. Geuza kiini kitazame nje. Hapo mbao ikijikunja, kingo zake zinazidi kukandamiza mbao za kulala badala ya kuachama, na mvua inateleza juu ya mgongo. Huchukua nusu dakika kwa kila mbao, na karibu kila mlango mbovu ninaouona vijijini umerukwa hatua hii.

Nafasi kati ya mbao hutegemea maji pia. Mbao mbichi ya inchi 6 ikikauka hupoteza milimita 4 hadi 7 za upana (urefu haupungui kwa kiasi cha kuonekana), basi zibane zigusane kabisa, nafasi zitakuja zenyewe. Mbao kavu fanya kinyume chake: acha milimita 3, kwa sababu masika zitavimba, na zikikosa pa kwenda zitausukuma mlango wote ukwame kwenye fremu.

Hakikisha kona kwa kupima mlango kutoka kona hadi kona ya mkabala, mara mbili. Vipimo vikilingana, kona zote ni pembe mraba. Misumari miwili kila mbao inapokutana na mbao ya kulala, isikae ukingoni kabisa, kwa sababu mbao mbichi ikisinyaa kati ya misumari miwili iliyo mbali inapasuka katikati. Gonga kwanza ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu. Msumari mkali hupanua nyuzi kama kabari, ulio butu huzikata na kupita. Ncha zinazotokeza nyuma zipinde zilale kukatisha nyuzi, si kuzifuata.

Sasa mshazari, unaokosewa kuliko vyote. Uanzie chini upande wa bawaba, uinuke hadi juu upande wa komeo. Uzito wa mlango hushuka upande wa komeo, na mbao ikikaa hivyo inasukumwa kuelekea bawaba ya chini, na kusukumwa ndiyo kazi mbao inayoiweza. Ukiugeuza, mbao inavutwa, na kinachoshikilia ni misumari miwili ya nchani ambayo inalegea ndani ya mwaka. Kama mlango wako tayari umeshuka na mshazari uko kinyume, si lazima uubomoe. Funga waya mara mbili kutoka juu upande wa bawaba hadi chini upande wa komeo, ingiza kijiti katikati ya nyuzi zake mbili na ukizungushe mpaka mlango uinuke, kisha kifunge kisirudi. Waya kuvutwa hauna shida nao. Bawaba ndefu zenye umbo la T zishike mbao za kulala, skrubu zisiishie kwenye mbao za mlango peke yake.

Jembe linalocheza. Dawa ya kila mtu ni kuliloweka usiku kwenye ndoo, na kweli asubuhi limekaza. Tatizo ni kwamba mti ukivimba ndani ya tundu la chuma hauna pa kwenda, nyuzi zinajiponda zenyewe. Ukikauka unarudi mwembamba kuliko ulivyokuwa jana. Wiki ijayo unaloweka tena, na kila mara pengo linakua. Bora uchonge mpini mpya. Mpera ni mzuri, mgumu na haupasuki ovyo. Ukate, umenye magome, na uukaushe kivulini au juu ya jiko la kuni kwa wiki 5 au 6. Kwa jembe la tundu, mpini huingia kwa ncha nyembamba na jembe hukwama kwenye ncha nene, kwa hiyo kila pigo linazidi kulikaza. Paka masizi ya sufuria ndani ya tundu, sukuma mpini, utoe. Palipopata weusi ndipo panapogusa: punguza hapo tu kwa tupa ya mbao, rudia. Mara ya nne au ya tano weusi utaenea pande zote, na hapo ndipo ugonge.

Kigoda ndicho mahali pekee ambapo maji hugeuka rafiki. Tengeneza miguu kwa mti mkavu kabisa, na ubao wa kukalia uwe na unyevu kidogo. Ubao ukikauka unausinyalia ulimi wa mguu, ile ncha inayoingia kwenye tundu la ubao, na kuubana kuliko gundi yoyote. Kama ni kigoda cha zamani, kwangua gundi yote ya awali, maana gundi nyeupe ya mbao haishiki gundi kavu wala mti uliolowa. Ulimi ukipwaya, upasue kidogo na uingize kabari, lakini kabari ikatishe nyuzi za ubao. Ukiielekeza kufuata nyuzi utapasua ubao wenyewe. Kufungia, mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu unashinda klampu.

Jioni zoa. Maranda ya paini isiyo na dawa yaende banda la kuku, kina cha sentimita 5 hadi 8. Vumbi laini la msumeno usiwape vifaranga, wanalidonoa na linawajaa puani. Vipande vya nguzo au mbao zenye dawa, zile za kijani kibichi, visiende bandani wala jikoni: dawa hiyo kwa kawaida ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki hutoka na moshi na hubaki kwenye majivu. Usimwage majivu hayo bustanini. Futa kutu kwenye msumeno, upake mafuta kidogo, utundike. Kigoda kikae na mipira yake mpaka kesho jioni. Gundi hushika baada ya saa moja lakini hukomaa baada ya saa 24, na watoto lazima watakikalia kabla ya hapo, basi kiweke juu ya kabati.