Chewa wa Florida anasingiziwa

Kuna samaki huko Florida, Marekani, wavuvi wana kesi nae miaka nenda miaka rudi, eti anawamalizia samaki, na mi nishachagua upande, niko na samaki. Ni chewa, ila sio huyu tunaemkata vipande tukamtia nazi, huyu ni goliati, kitaalamu Epinephelus itajara, anafika mita 2.5 na kilo 360 hivi. Dude kubwa halafu pole, mpiga mbizi anamsogelea na mkuki nae katulia tu kwenye pango lake au ndani ya meli iliyozama, ndo maana walimmaliza kirahisi.

Kilichomponza zaidi ni mambo ya kuzaliana. Kuanzia mwezi wa 8 mpaka wa 10 hivi wanatoka huko waliko wanakusanyika sehemu zilezile kila mwaka, wanataga usiku wa giza, na wananguruma, sauti nzito hiyo wapiga mbizi wanaisikia mpaka kifuani. Sasa mvuvi akishaijua hiyo sehemu basi, anachota tu. Ilipofika miaka ya 80 walikuwa wamebaki wa kutafuta, mwaka 1990 serikali ikapiga marufuku kabisa kuwavua, Brazil nao wakafuata 2002.

Watoto wao wanakulia kwenye mikoko, miaka 5 mpaka 6 wako humo kwenye mizizi hadi wakaribie mita moja ndo wanatoka kwenda miambani. Kwahiyo unaweza ukalinda mwamba wote, mikoko ikikatwa umefanya kazi bure. Na hata ikiwepo bado, Januari 2010 ilipiga baridi kali Florida vitoto vikafa vingi sana humohumo mikokoni, na kwa samaki ambae jike linangoja miaka 6 au 7 ndo lipevuke, pengo kama hilo halizibiki leo wala kesho.

Haya, baada ya marufuku chewa wakaanza kurudi, kelele za wavuvi nazo zikaanza: chewa anamaliza changu, anamaliza kamba mawe! Watafiti wakaangalia anakula nini, wakakuta kaa kwa sana na visamaki vya taratibu taratibu. Ni kweli anapora samaki kwenye ndoano, hilo halina ubishi, lakini samaki anaepigapiga kwenye mshipi ni sahani imeshaletwa mezani, nani angekataa? Changu wamepungua kwasababu binadamu wanawavua mno, sema binadamu hapendi kujitaja.

Mwaka 2023 Florida wakafungua kidogo. Vibali visizidi 200 kwa mwaka, vinapatikana kwa bahati nasibu, kila mtu samaki mmoja, ndoano tu hakuna mkuki, na urefu uwe kati ya sm 61 na 91. Wakubwa wamewaacha maana ndo wazazi, tena nyama yao imejaa sumu ya zebaki, hapo sawa nimewaelewa. Ila huyo wa sm 61 mpaka 91 ni nani? Ni mtoto wa mikokoni, hajawahi kutaga hata mara moja! Na kuna watu wanalipia boti kila msimu waende kuwaangalia wakiwa hai, hela hiyo inaingia mwakani tena na mwaka unaofuata, wa kwenye kibali ukishamla umemla.