Shamba lenye magadi usiliache, fikiria amla

Sa hivi huku Kilimanjaro ukikaa na watu wakaanza stori za kilimo, dakika mbili nyingi mshafika kwenye parachichi. Sina ugomvi na parachichi hata kidogo, wenye maji na udongo mzuri kule juu wapande tu, soko lipo. Ila mi nawawaza sana watu wenye mashamba ya chini, kule tambarare, Kahe, Chekereni, mpaka ukielekea Arusha Chini, maana kuna vipande kule ukipanda mahindi yanaota vizuri kabisa, yakifika magotini yanaanza kuwa njano na kudumaa, na maji yakishakauka ardhi inabaki na unga mweupe juu. Hayo ni magadi. Watu wanakiacha hicho kipande kiwe cha kuchungia mbuzi, au wanakiuza bei ya kutupa, na parachichi ndo kabisa usijaribu kulipeleka hapo, halitaki chumvi wala udongo unaotuamisha maji.

Kwa ajili ya vipande kama hivyo ndo naandika hii kitu kuhusu amla.

Amla wengi tunaijua kwenye makopo ya mafuta ya nywele na kwenye unga wa pakiti wa maduka ya Wahindi pale mjini. Mti wenyewe ni wa huko India na nchi za jirani zake, wataalamu wanauita Phyllanthus emblica, majani yake ni madogo madogo yamepangana kama ya mkwaju, kwa mbali unaweza ukapita usijue. Tunda ni la mviringo, kijani inayoelekea njano, ukiliangalia kwenye jua unaona kama mwanga unapita ndani, na lina mistari sita inashuka kutoka juu hadi chini. Liume mara ya kwanza uone, uchachu unakupiga hadi masikioni na ulimi unakakamaa kama umekula ndizi mbichi, afu kunywa maji, yale maji yanakuwa matamu kabisa mdomoni. Vitamini C yake ni balaa, vipimo vingi vya India vinaonesha kama miligramu 400 hadi 600 kwenye gramu 100 za tunda bichi wakati chungwa liko kwenye 50 hivi. Ndo maana wenzetu wameifanya dawa na chakula tangu zamani sana, ipo kwenye trifala (unga wao wa dawa wa matunda matatu), ndo mhimili wa chyawanprash (dawa yao tamu nzito kama jemu), wanaitengenezea achari, wanaipika na sukari ikawa murabba, juisi, pipi, yaani kila kitu.

Sasa kilichonifanya nianze kuifuatilia kwa makini siyo vitamini. Ni huko inakolimwa sana, jimbo la Uttar Pradesh, wilaya ya Pratapgarh hasa. Kule wana maeneo makubwa ya udongo wa magadi na amla imesitawi humohumo, wataalamu wao wanasema inavumilia hadi pH (kipimo cha magadi, namba ikipanda magadi yanazidi) ya 9.5, na ukijua mazao mengi yanaanza kuteseka ikishapita 8.5 utaelewa kwa nini nimeshikilia hii kitu. Kuvumilia lakini haimaanishi uchimbe tu shimo uchomeke mche uende zako. Wenzetu wanachimba shimo la mita moja kila upande, wanatoa ule udongo, wanachanganya na samadi iliyoiva na jasi (gypsum), halafu wanaacha kwanza kabla ya kupanda. Na jasi sisi hatuna haja ya kuitafuta mbali, inachimbwa Makanya, Same hapo, njia ya kwenda Tanga. Inavyofanya kazi ni kwamba kalisi ya kwenye jasi inaisukuma sodiamu itoke kwenye chembe za udongo, mvua au maji ya mfereji yanaisafirisha kushuka chini, udongo unalegea na mizizi inapata pa kupenya. Kwa hiyo mashimo yawe tayari kabla ya masika, ukipanda mvua zinapoanza ile kazi ya kuosha chumvi inafanywa na mvua bure.

Halafu maji yasisimame. Mti ukishakomaa unavumilia ukame vizuri sana, lakini miaka miwili ya mwanzo kiangazi lazima umwagilie, na kama ni sehemu ya bondeni ambayo masika inageuka bwawa tafuta sehemu nyingine au inua matuta. Kwa watu wa Kibosho juu na Marangu juu kule, msihangaike nayo, baridi ni nyingi na vihamba vyenu vina kahawa na migomba inayojua kazi yake. Wa Arusha walio chini chini huko Mbuguni na Kikwe ndo nawaambia mjaribu.

Kwenye mbegu ndo watu watapigwa, hapa naomba usome taratibu. Kuna jamaa wanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wanauza miche ya amla kwa ahadi za mamilioni kwa eka, na tumeshaona hii sinema, mibono ilikuja hivyohivyo, kware, sungura, vanila, mwenye kuuza mbegu anatajirika na mwenye kupanda anabaki na msitu. Mche uliotoka kwenye mbegu moja kwa moja hauzai tunda sawa na la mama yake, na utausubiri miaka sita, saba, nane. Mche wa kubebeshwa, yaani uliopandikizwa jicho la mti mzuri, unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Hiyo tofauti ndo faida yako yote.

Aina zenyewe zinajulikana. Za zamani ni Banarasi, Chakaiya na Francis. Banarasi ina tunda kubwa zuri ila inazaa kidogo kwa sababu maua yake ya kike ni machache, Chakaiya inazaa sana ila mwaka huu ikikubeba mwakani inapumzika, na tunda lina nyuzi nyuzi. Baadae chuo kikuu cha kilimo cha Narendra Deva kule Kumarganj, karibu na Ayodhya, wakachagua miti bora kutoka kwenye hizo za zamani wakatoa za kwao, Kanchan, Krishna, na ile NA-7 ambayo ndo mi naipenda zaidi, inawahi kuzaa na inazaa kwa fujo, hadi matawi unayawekea nguzo yasivunjike. Na usipande aina moja peke yake! Amla nyingi hazijichavushi vizuri zenyewe kwa zenyewe, zinataka jirani wa aina nyingine, kwa hiyo changanya, mfano mistari ya NA-7 na katikati yake Krishna au Kanchan. Ukiweka na mizinga ya nyuki pembeni hujakosea.

Sasa zinaingiaje nchini? Kwa njia halali, basi. Unaomba kibali cha kuingiza mimea TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), makao makuu yao yako hapa hapa Ngaramtoni, Arusha, na kule zinakotoka zije na cheti cha afya ya mimea. Najua kuna mtu anasema ah, si naweka vijiti kwenye begi tu. Ndugu yangu, kantangaze (yule mdudu wa nyanya) ilivyoingia huku Arusha 2014 wakulima wa nyanya walilia, 2017 wakaja viwavijeshi vamizi kwenye mahindi na mpaka leo tunapambana nao, sasa wewe kwa tamaa ya vijiti vitano utuletee kingine? Hapana kwa kweli. Hili linaniuma.

Njia ambayo naiona ni ya akili ni kuotesha shina hapahapa, ukaingiza kwa kibali vikonyo (vijiti vya kutolea macho) vichache tu vya aina nzuri. Kuotesha ni rahisi, unachukua matunda yaliyokomaa, unatoa nyama, ile kokwa unaianika juani, ikikauka inapasuka yenyewe na kurusha mbegu, kwa hiyo ifunike na neti la sivyo mbegu utaziokota uwanja mzima. Kokwa moja ina vimbegu sita hivi. Unaotesha kwenye viriba, mche ukifika unene wa penseli ndo unabebesha. Mdogo wangu anayefanya kazi kwenye kitalu cha miembe ndo alinionesha kwa mkono wake, anachukua kisu kikali kilichosafishwa, anabandua kipande kidogo cha ganda chenye jicho kutoka kwenye kikonyo, anafungua dirisha la ukubwa uleule kwenye shina la mche, anakibandika haraka kabla utomvu haujakauka, anazungushia nailoni akiacha jicho nje. "Dada usishikeshike kwa ndani, jasho la mkono linaua," aliniambia. Likishika na kuanza kuchipua unakata ile sehemu ya juu ya mche, mti unaendelea na kichwa kipya.

Haya tuje kwenye hela. Nafasi inayotumika sana ni mita 8 kwa 8, hiyo kwa eka moja ni kama miti 63. Mti uliokomaa vizuri India wanavuna kuanzia kilo 100 kwenda juu, lakini huko ni kwenye miaka ya nane, tisa, kumi, siyo mwaka wa nne. Tuchukulie kilo 100, ni tani sita na ushee kwa eka. Inasikika tamu. Ila jiulize swali moja, nani pale sokoni Mbuyuni au Kiborloni atanunua tani sita za tunda chachu kiasi hicho ndani ya miezi miwili? Hakuna. Jamii ya Wahindi wa Moshi na Arusha watachukua magunia kadhaa ya kutengeneza achari na soko limefungwa. Kwa hiyo anayekupigia hesabu ya amla kwa bei ya tunda bichi anakudanganya, hata kama hajui kwamba anakudanganya. Amla inalipa ikishaondoka kwenye umbo la tunda.

Niliongea na mama mmoja wa Kihindi mwenye duka mjini, nimemwamkia, nikamuuliza ule unga wake unatoka wapi. Akasema, "Mwanangu, yote inatoka India, inachukua muda, saa nyingine inafika imepoteza rangi. Wewe lete ya hapa, kavu, safi, hakuna mchanga, mimi nachukua." Hakuna mchanga, hilo alilirudia. Kwa maana hiyo mambo ya kuanika kwenye turubai pembeni ya barabara sahau. Kaushio la sola lenye kivuli linalinda rangi na vitamini, jua kali la moja kwa moja linaziua. Na jiandae kisaikolojia, zaidi ya asilimia 80 ya lile tunda ni maji, ukitoa na kokwa, kilo 100 mbichi zitakupa kama kilo 15 za kavu au pungufu, bei yako ya unga lazima ibebe hilo.

Mi moyo wangu uko kwenye pipi zake. Unachemsha matunda dakika chache tu mpaka ile mistari sita inaachia, ukibonyeza kidogo vipande vinafunguka vyenyewe na kokwa linatoka safi. Vile vipande unaloweka kwenye maji ya sukari, kesho yake unachuja, unaichemsha ile shira iwe nzito zaidi, unarudishia, unafanya hivyo siku kadhaa mpaka sukari imeingia hadi katikati, ndo unakausha. Inatoka kitu laini, chachu kwa mbali, tamu, inakaa miezi. Nchi hii watoto wanajipanga kununua ubuyu wa rangi na ukwaju wa pakiti nje ya kila shule, mtu asiniambie hawataila hii. Angalizo moja, usitumie sufuria au kisu cha chuma cha kawaida, amla ikikutana na chuma inakuwa nyeusi tii (wanaopaka nywele kule India wanailoweka makusudi kwenye karai la chuma kwa sababu hiyohiyo). Tumia stenlesi. Na kama matunda yamekuzidi, tumbukiza kwenye maji ya chumvi nyingi kwenye mapipa ya plastiki, utayachakata pole pole.

Ile miaka ya kusubiri shamba lisikae bure, kati ya mistari weka choroko, kunde au mbaazi kwenye vile vipande ambavyo chumvi siyo kali, zinalisha nyumba na zinarudisha rutuba. Na huo ndo muda wa kujifunza usindikaji kwa matunda mengine, embe na ukwaju vipo, pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) upate mafunzo na barua ya utambulisho ya kwenda TBS (shirika la viwango), ili siku amla inazaa wewe una jiko, una lebo, una wateja wanaokujua.

Usianze na eka tano. Robo eka ni miti 15 au 16, chukua kile kipande kibaya kuliko vyote, kapime udongo kwanza ujue pH yako ni ngapi maana ikiwa juu ya 9.5 hata amla itakushinda, na uyachimbe hayo mashimo mwezi wa pili kabla masika haijaanza.