Batalioni Ilivunjwa au Ilitawanywa?

Nilikuwa kidato cha tatu mjini Nakuru mwalimu wetu alipotutaka tuandike kwa Kiswahili habari za uasi wa Lanet, nami, kwa kuwa tuliishi karibu na kambi yenyewe, nilidhani kazi hiyo ingekuwa nyepesi. Tarehe 24 Januari 1964, siku chache baada ya askari wa Tanganyika na Uganda kuasi, baadhi ya askari wa Batalioni ya 11 ya Kenya Rifles walivamia ghala la silaha, wakiwa na malalamiko kuhusu mishahara na maafisa wa Kiingereza waliokuwa bado wanawaamuru. Majeshi ya Uingereza yakauzima uasi huo, wahusika wakafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na batalioni nzima ikaondolewa katika orodha ya jeshi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikwamisha. Niliandika kwamba batalioni "ikatawanywa".

Jioni nilimsomea babu, aliyekuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), na kupigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na ambaye Kiswahili alikipatia jeshini. Alisikiliza akiwa amefumba macho, hata nilipofikia neno hilo akainua mkono.

"Nani alitawanywa, mjukuu wangu?" aliuliza. "Wanaotawanywa ni watu waliojazana sokoni, polisi wakija na virungu, na kesho yake utawakuta palepale. Kikosi huvunjwa. Kikishavunjwa, hata namba yake haiitwi tena."

"Kwa hiyo, babu, nawe ulivunjwa vita vilipokwisha?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi niliachishwa. Nilirudisha bunduki, nikapewa cheti, nikapanda gari la moshi. Mtu mzima atavunjwaje?"

Nikajaribu "kuvunja kambi", nikidhani ni jambo lilelile, naye akanisahihisha upesi: askari wanaovunja kambi wamekunja mahema yao tu, na jioni watapiga kambi kwingine wakiwa idadi ileile.

Usiku nililitafakari neno lake, nikaona kwamba nalo lina hatari yake, kwa sababu msomaji akiambiwa kuwa jeshi limevunjwa anaweza kudhani limeshindwa vitani na kusambaratika, ingawa sote husema Bunge limevunjwa bila kumfikiria mbunge yeyote aliyejeruhiwa. Kwa hiyo niliandika "ikavunjwa kwa amri ya serikali", na kuhusu askari ambao hawakuhusika na uasi nikaeleza jambo lao katika sentensi ya peke yake, ili kitenzi kimoja kisibebeshwe batalioni na watu kwa pamoja. Niliridhika mno na maneno hayo.

Daftari liliporudi, mwalimu alikuwa amekata "ikavunjwa" kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "ikatawanywa". Nilimpelekea babu. Aliutazama wino ule kwa muda, kisha akaniuliza kama mwalimu wangu aliwahi kurudisha bunduki.