Samaki na maharage baada ya zamu

Huku ughaibuni kinachotuharibia mlo ni uchovu kuliko kitu kingine chochote. Unatoka zamuni giza limeshaingia, njaa inauma, na chakula cha kununua kinakuja mpaka mlangoni ukigusa simu tu. Kwa siku mojamoja hakuna neno. Kikishakuwa ndicho chakula cha kila jioni, chumvi na mafuta yake mwili utakuja kuvidai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mlo mmoja wa kununua unaweza kukimaliza kiasi hicho. Ndiyo maana nawahimiza wenzangu: pikeni samaki na maharage nyumbani. Jioni yenyewe haifiki nusu saa, ilimradi maharage yalishapikwa siku ya mapumziko.

Kwenye maharage naomba tusikilizane vizuri. Maharage mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje chache tu zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, weka mengine, kisha yachemshe kwa moto mkali yatokote angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive hadi yalainike. Zile sufuria za umeme zinazopika polepole, ambazo wengi wetu tunazipenda kwa sababu unaiwasha na kwenda kazini, mara nyingi hazifikishi joto la kuiua sumu hiyo. Kwa hiyo yachemshe kwanza jikoni, ndipo uyahamishie humo. Nyanya na limau visubiri mpaka yalainike, maana uchachu huyafanya yakawie kuiva. Yakipoa, yagawe kwenye vikopo vya mlo mmojammoja na uyatie kwenye friza.

Samaki nampendelea yule wa mafuta: salmoni, makareli, sardini. Ana omega-3, aina ya mafuta ya kusaidia moyo, na ni miongoni mwa vyakula vichache vyenye vitamini D kwa wingi. Kwetu sisi hili ni zito. Kwenye nchi zilizo mbali na ikweta, jua la majira ya baridi ni hafifu mno kwa ngozi kutengeneza vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili itengeneze kiasi kilekile. Samaki peke yake hazibi pengo lote, kwa hiyo muulize daktari wako kuhusu vidonge.

Sasa jioni imefika. Samaki aliyegandishwa alishushwa kwenye friji tangu jana yake, ameyeyuka. Mkaushe kwa karatasi ya jikoni, mpake kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na chumvi kidogo, mfunge kwenye karatasi ya kuokea, mwingize kwenye oveni yenye nyuzi 200 za Selsiasi. Kipande chenye unene wa sentimita 2 au 3 huchukua kama dakika 15. Ukikigusa kwa uma, nyama iachane yenyewe na isiwe na ung'avu wa ubichi katikati. Kumfunga hivyo kunasaidia pia kwa sisi tunaoishi kwenye nyumba za ghorofa, madirisha yamefungwa kwa baridi: harufu haijai ukumbini, na king'ora cha moshi hakilii kama unapokaanga.

Huku samaki anaiva, kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya, zikisharojeka tia maharage. Ponda sehemu yake kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito bila kuongeza kitu. Tupia spinachi mwishoni, funika dakika mbili, epua. Limau likamulie kwenye sahani, siyo kwenye sufuria, kwa sababu vitamini C hupungua kwa moto, nayo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Wiki ambayo friza ni tupu, nunua ya kopo. Maharage yasuuze kwa maji ya bomba mpaka povu liishe, chumvi nyingi itaondoka nalo. Sardini chagua zisizo na chumvi nyingi, na uzile pamoja na mifupa yake laini, kwa kuwa kalsiamu iko humo.