HH 34: hatimaye nyota zimetulia, jeti inatembea

Imekubali! Fremu ya 1998 na ya 2007 zinapokezana kwenye skrini, nyota zimekaa kama zimegongelewa misumari, na mafundo (madonge ya gesi) ya HH 34, jeti ya gesi inayorushwa na nyota changa katika Orioni, yanasogea kusini mbele ya macho yangu. Patrick Hartigan wa Chuo Kikuu cha Rice na wenzake walishatoa filamu kama hii mwaka 2011, pamoja na za jeti nyingine, HH 1 na HH 47, kwa hiyo sidai ugunduzi wowote. Nilitaka tu kuiona ikitoka kwenye faili za darubini ya Hubble kwa mikono yangu mwenyewe.

Kilichonitoa jasho ni kulinganisha fremu, yaani kuzilaza nyota za fremu moja juu ya zile zile za nyingine, hakuna kingine. HH 34 imo ndani ya L1641, wingu jeusi linaloziba nyota za nyuma yake, na filta ya F656N nayo inapitisha ukanda mwembamba tu wa mwanga wa hidrojeni. Nyota zinazobaki ni za kuhesabu. Sasa programu ikikosa nyota, inadaka chochote kinachong'aa, na kinachong'aa pale ni mafundo yenyewe. Matokeo yake jeti inaganda, halafu nyota ndizo zinatembea kurudi kaskazini! Na ukisoma ripoti, programu imeridhika kabisa: tofauti ndogo, kila kitu sawa. Ukiikataza fundo moja inahamia jingine, au inang'ang'ania doa la mwale wa kosmiki uliogonga kamera.

Halafu kuna WFPC2 yenyewe, kamera ya Hubble iliyopiga picha hizi. Kamera ile ina vipande vinne, kila kimoja kinapinda picha kwa namna yake. Unaituliza kona hii, kona ile inaruka nusu pikseli. Wakati mwendo wote wa fundo kwa miaka tisa ni kama pikseli 9, nusu pikseli huwezi kuifumbia macho.

Dawa ilikuwa kuinyima programu uhuru. Nimefunika jeti yote na HH 34S, upinde wa gesi ulio mbele ya jeti upande wa kusini, humo isiguse kitu. Kisha nikachukua nyota za Gaia (orodha ya mahali nyota zilipo, iliyopimwa na chombo cha angani cha jina hilo), toleo la tatu, nikazirudisha kutoka 2016 hadi zilipokuwa 2007 na 1998, maana nazo zinahama kidogo kidogo. Upindaji unanyooshwa kwanza, kipande kwa kipande, ndipo kila fremu inalinganishwa na Gaia. Habari ya fremu kulinganishwa na fremu mwenzake nimeachana nayo.

Pikseli ni sehemu ya kumi ya sekunde ya tao (digrii moja igawanywe kwa 3,600), kwa hiyo ninapata kama sekunde ya tao 0.1 kwa mwaka. Ukichukua umbali wa miaka-nuru 1,350 hivi, hiyo ni karibu kilomita 200 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700,000 kwa saa. Na kitu chenyewe kinapita karibu kabisa na utosi wa mtu wa Dodoma au Morogoro, kikiwa digrii sita na nusu kusini ya ikweta ya anga.

Kuhusu zana: DS9, programu ya kutazama picha za darubini, ina sura ya mwaka arobaini na saba, lakini kwa kupepesa fremu sijaona mbadala. GIMP, programu ya kuhariri picha, naipenda kwa rangi tu, usiipe kazi ya kupima. Ukishavuta mwangaza wa picha ipendeze, namba za asili zimekwenda na maji. Jambo jingine zuri ni kwamba faili za WFPC2 ni nyepesi. Waliowahi kushusha za Webb wanajua bando linavyolia.

Mpango ulikuwa sasa nipime kasi ya kila fundo, maana hayaendi sawa: lenye kasi linalifukuza lililotangulia, yakigongana ndipo gesi inapowaka. Jedwali nimeshalifungua. Lakini nimekutana na data za darubini ya anga ya Spitzer na jedwali limelala.

Jeti ya kaskazini, inayorushwa upande wa pili wa nyota hiyo hiyo, ambayo vumbi linaificha kwenye picha za kawaida, Spitzer iliiona kwa infraredi. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba mafundo yake yanafanana na ya kusini, ila kila moja limetoka miaka minne na nusu baada ya pacha wake. Yaani kinachotikisa jeti kinachelewa kufika upande wa pili! Kutokana na ucheleweshaji huo wanaastronomia walikadiria kuwa eneo zinakozaliwa jeti zote mbili halizidi mara tatu ya umbali wa Dunia na Jua.

Nataka kuikunja picha ya Spitzer kwenye chanzo, yaani pale ilipo nyota inayorusha jeti, kaskazini ilalie kusini, kisha niisogeze mpaka mafundo yapatane. Tatizo limeshajitokeza: miaka minne na nusu ni kama sekunde 0.45 za tao, na pikseli ya IRAC, kamera ya Spitzer, ni 1.2. Bila kunoa picha, yaani kuiondolea ukungu kwa hesabu inayorudiwa rudiwa, hakuna kitu hapo. Nimeanza kushusha fremu zote za HH 34 zilizoko kwenye hifadhi, zile zilizopigwa kwa kusogezwa kidogo kidogo, nione zikiunganishwa zitanipa nini. Mwenye uzoefu wa kunoa picha za IRAC bila kuzalisha mafundo ya uongo, naomba aniambie alisimama kwenye mzunguko wa ngapi wa hesabu hiyo.